Viunganishi vinapohama: Kibemba cha mwambao wa Mweru

Wanaohofia kufa kwa lugha huanza kwa kuhesabu majina. Huuliza kama vijana bado wanamjua samaki huyu, mti ule, chombo walichokuwa wakitumia bibi zao. Ukikipima Kibemba cha Nchelenge kwa kipimo hicho, utaondoka umeridhika. Katika soko la Kashikishi dagaa wa Mweru bado ni chisense, wanaanikwa na kuuzwa kwa jina lao. Ugali ni "ubwali", samaki ni "isabi", na hakuna dalili kwamba maneno hayo yataachwa karibuni.

Mabadiliko yako mahali pengine, mahali ambapo wakusanyaji wa maneno hawana mazoea ya kutazama. Mzee aliyeshindwa kufika msibani atajieleza hivi: "Nshaishile pantu nalilwele", yaani sikuja kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Kijana aliyemaliza sekondari ataeleza jambo lilelile kwa maneno yaleyale, ila moja: "Nshaishile because nalilwele". Kitenzi cha kwanza ni Kibemba safi, cha pili vilevile. Kikanushi kiko mahali pake, nafsi na wakati havijaguswa. Kilichoondoka ni "pantu", neno linalosema kwamba kuumwa ndiko kulikozuia kufika. Kwa njia hiyohiyo "lelo", yaani lakini, linaipisha "but", na "e ico", yaani kwa hiyo, linaipisha "so".

Wengi huliona hili kuwa jambo dogo, mchanganyiko wa kawaida wa vijana wa mjini. Mimi naliona kuwa zito kuliko kupotea kwa majina kumi ya samaki. Jina likipotea, kitu chenyewe kinabaki na mtu anaweza kukipa jina jingine. Viunganishi vya sababu, kinyume na matokeo vinapohama, vinatuonyesha kwamba kazi nzima imehama: kazi ya kutoa hoja, kutetea, kupinga na kueleza kwa nini.

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Mto Luapula unaingia ziwani upande wa kusini, na mto Luvua unatokea kaskazini, Pweto, kuelekea Congo. Ng'ambo ya maji kuna Kilwa ya Congo (tusiichanganye na Kilwa Kisiwani wala na kisiwa cha Kilwa kilichomo ndani ya ziwa hilo), ambako watu huongea Kiswahili cha Katanga. Wavuvi na wachuuzi wanavuka kila siku. Ni mwambao ambao umezoea lugha kupishana, na ndiyo maana anguko linaloendelea sasa lisichukuliwe kuwa msiba wa kwanza, wala isisahaulike kwamba yapo yaliyotangulia.

Lakini kwanza tuone Kibemba chenyewe huunganisha vipi, kwa kuwa hasara haipimiki bila kujua kilichokuwepo. Msomaji wa Kiswahili hatapata shida, maana lugha hizi mbili ni ndugu. "Na" ipo, na kazi yake ni ileile. Tofauti ni kwamba katika Kibemba "na" hairidhiki kusimama kando ya neno. Inameza irabu ya mwanzo ya nomino inayofuata na yenyewe inageuka. Ugali na samaki ni "ubwali ne sabi": "na" imekutana na "isabi" ikawa "ne". Geuza mpangilio, samaki na ugali, utasikia "isabi no bwali". Mtoto wa miaka mitatu anafanya hesabu hii ya sauti bila kufundishwa. Huwezi kuling'oa neno hilo na kupachika la kigeni, kwa sababu halina ukingo wa kushikia.

"Na" hiyohiyo huunganisha matendo. Akaja akala, kwa Kibemba, husemwa "aishile no kulya": kitenzi cha kwanza kimebeba nafsi na wakati, cha pili kimekuja uchi, "na" pamoja na "ukulya", na msikilizaji anajua ni nani aliyekula na lini. Kiswahili kina njia hiyo pia tunaposema "alikuja na kula", ingawa msimuliaji wetu mzuri bado atachagua -ka-. Halafu kuna uunganishaji usio na kiunganishi kabisa. "Isa tulye" ni njoo tule: dhamira ya kitenzi cha pili inatosha kuonyesha kwamba mtu anaitwa kwa ajili ya kula. "Aishile" ni alikuja. "Uwaishile" ni aliyekuja. Kishazi kizima kimefungwa kwenye kingine kwa kiambishi kimoja, kama tunavyofanya sisi kabla hatujazidiwa na "ambaye".

Juu ya msingi huo ndipo yanapokuja maneno yanayosimama peke yake: "pantu" la sababu, "lelo" la kinyume, "nangu" linalobeba maana ya au na pia ya hata kama, "kabili" linaloongeza jambo juu ya jambo, "nga" la sharti, "ilyo" la wakati jambo lilipotokea, "elyo" la kilichofuata, "ukuti" la kuingiza kauli au kusudi. Mzungumzaji stadi hucheza na seti hii yote. Anajua lini aache "pantu" na amwachie msikilizaji aone sababu mwenyewe, na lini aitaje ili pasiwe na mwanya.

Hakuna mahali ambapo ustadi huo una uzito kama katika simulizi ya Nachituti. Kila mtu wa bonde la Luapula anaijua kwa namna fulani. Nachituti alikuwa dada wa Nkuba, mtawala wa Washila, wavuvi waliomiliki maji hayo kabla ya Walunda. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kuomba kisasi. Nkuba akakatwa kichwa. Na mama yule akamkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Mwanahistoria David Gordon aliipa zawadi hiyo nafasi ya kwanza katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu uvuvi na mamlaka ya Luapula, na kichwa cha kitabu ni zawadi hiyo.

Itazame simulizi hiyo kama hati ya umiliki, maana ndivyo ilivyotumika. Nguvu yake yote iko kwenye viungo. Alimuua mtoto, kwa hiyo dada akalia kwa mgeni. Mgeni alilipa kisasi, kwa sababu hiyo alipewa. Alipewa nchi na maji, si kimoja tu. Ondoa "kwa sababu hiyo" na utabaki na matukio matatu ya kusikitisha yasiyompa mtu haki yoyote. Geuza "kwa hiyo" kuwa "lakini" na Walunda ni wavamizi. Wazee waliobishana juu ya nani aamue mambo ya rasi hii au kidimbwi kile walibishania viunganishi, hata kama hawakuviita hivyo. Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, aliyetawala miaka ya 1940, alipoandikisha historia ya wazee wake aliiandikisha kwa Kibemba, na kitabu kikaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, mababu zangu na watu wangu. Ian Cunnison alikifasiri kwa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hiyo ni nathari ya hoja ndefu, iliyoandikwa kwa lugha ya hapo hapo, na mfalme aliyejua vizuri anataka kuthibitisha nini.

Na hapa kuna jambo la kutuliza kidogo hofu, na la kuitia makali pia. Kibemba hakikuwa lugha ya mababu wa mfalme huyo. Walunda walitoka magharibi, kwa mfalme Mwata Yamvo, wakaingia Luapula katika karne ya 18. Walitawala, lakini kizazi baada ya kizazi wakaongea lugha ya waliotawaliwa. Kilunda kikabaki kwenye sifa za kifalme, zile zinazosikika Mwansabombwe kila Julai katika sherehe ya Mutomboko. Sifa ni mkusanyiko wa majina na mafumbo. Haihitaji "kwa sababu". Ona basi lugha inavyobaki ikishafikia mwisho: majina yapo, yamehifadhiwa kwa heshima kubwa, na hakuna tena mtu anayeweza kugombana na jirani yake kwayo.

Washila nao, na Wabwile wa Chiengi chini ya chifu wao Puta, wamekuwa wakisogea kuelekea Kibemba kwa muda mrefu. Serikali ya Zambia hutumia lugha saba za kienyeji shuleni na katika mambo rasmi: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda cha Kaskazini-Magharibi na Kiluvale. Kibwile hakimo. Kwa mtoto wa Chiengi, "lugha inayofahamika" ya mitaala ni Kibemba. Na ndugu zake wa upande wa Pweto wanakuta Kiswahili na Kifaransa. Hasara hiyo ni ya kweli na naihuzunikia. Hata hivyo aliyetoka Kibwile akaingia Kibemba aliingia nyumba yenye ramani karibu sawa na aliyoiacha, na hoja zake aliweza kuendelea nazo. Wimbi la sasa ni la namna nyingine.

Sababu yake kubwa ni shule, na tarehe zake zinajulikana. Wamisionari wa London walifika Mbereshi, kusini mwa Nchelenge, mwaka 1900, na kwa miongo mingi mtoto wa Luapula aliyesoma alianza kusoma kwa Kibemba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha ofisi ya kuchapisha vitabu vya lugha za wenyeji, na mwaka 1950 Stephen Mpashi akatoa Cekesoni Aingila Ubusoja, riwaya ya Kibemba kuhusu kijana anayeingia jeshini. Kulikuwa na wasomaji wa kununua. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na sheria ya elimu ya 1966 ikafungua njia ya Kiingereza kufundishia tangu darasa la kwanza. Viongozi walikuwa na sababu zao: nchi yenye lugha nyingi, hofu ya kupendelea kabila moja, na uchumi wa shaba uliotaka makarani na mafundi haraka. Sitawadharau. Lakini tangu hapo mtoto wa mvuvi amejifunza neno "isabi" nyumbani, na kujifunza kwa nini samaki wanapungua, kama aliwahi kujifunza, kwa Kiingereza.

Zamani palikuwa na "insaka", kibanda cha wanaume ambapo kesi zilisikilizwa, mashauri yakakatwa na watoto wa kiume wakakaa pembeni kusikiliza. Humo kijana alisikia hoja ikijengwa kwa saa nzima. Darasa limechukua nafasi hiyo, na hospitali, na ofisi ya wilaya, na semina za miradi. Humo mwote mtu anapotaka kueleza sababu anazungukwa na "because". Akirudi nyumbani hubeba alichokizoea. Sioni haja ya kumshutumu kwa kujionyesha; amechukua chombo pale alipofundishwa kufanya kazi yenyewe.

Sababu ya pili ni migodi. Wanaume wa Luapula walikwenda Katanga tangu kampuni ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, kisha Copperbelt ya Zambia, na samaki wa Mweru wakawafuata kulisha kambi. Huko Kibemba kilipata sura nyingine, ambayo Mubanga Kashoki aliieleza mwaka 1972 katika makala yake maarufu kuhusu Kibemba cha mjini. Sura hiyo hurudi Kashikishi kwa malori yaleyale yanayobeba chisense, na ina mvuto, kwa kuwa ni lugha ya aliyeona dunia.

Ng'ambo ya ziwa jambo hili limefanyiwa utafiti wa kina kuliko upande wa Zambia. Mwaka 1996 Mholanzi Vincent de Rooij alitetea tasnifu kuhusu mazungumzo ya Kiswahili cha Katanga, na akaonyesha jinsi "donc", "mais" na "parce que" za Kifaransa zinavyotapakaa katikati ya sentensi ambazo kila kitu kingine ni Kiswahili. Maelezo yake yanastahili kusikilizwa, maana yanapingana kidogo na yangu. Anasema neno la kigeni hutumika kwa sababu linajitokeza. Likiwa tofauti na yanayolizunguka, linamwashiria msikilizaji kwamba hapa hoja inapinda. Kwa mtazamo huo, Kifaransa kinaitumikia lugha badala ya kuidhoofisha.

Nakubali nusu. Kweli neno geni husikika. Ila ukilisikia kila siku kwa miaka thelathini linaacha kuwa geni, na lile la asili ndilo linaloanza kujitokeza kama jambo la kizee. Tena kujitokeza hakuelezi kwa nini ni Kifaransa kwa Mkatanga na Kiingereza kwa Mzambia wakati wote wawili wangeweza kuazimana wenyewe kwa wenyewe. Jibu liko kwenye swali la nani anaendesha shule na ofisi.

Kuna pingamizi jingine, zito zaidi, na Mswahili ndiye wa mwisho kuruhusiwa kulikwepa. "Lakini" yetu imetoka Kiarabu. "Au" vilevile, na "wala", na "hata", na "sababu" iliyomo ndani ya "kwa sababu". Mwanaisimu Yaron Matras alionyesha mwaka 1998 kwamba kuna mpangilio: lugha huazima kwanza neno la kinyume, kisha la uchaguzi, na la nyongeza huja mwisho. Kiswahili kinalingana na mpangilio huo sawasawa: "lakini" na "au" ni za mkopo, "na" ni yetu tangu enzi. Kibemba cha Kashikishi nacho kinafuata: "but" imeshika mizizi, "na" haijatikiswa. Kama kuazima viunganishi kungekuwa kifo, Kiswahili kingezikwa zamani.

Mbona hakikufa? Chukua tawasifu ya Tippu Tip, iliyochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kutokana na maneno yake mwenyewe. Sehemu ya mwanzo inahusu vita vyake na Nsama wa Itabwa mwaka 1867, nchi isiyo mbali na Mweru. Mwaka huohuo Livingstone alifika ziwani na kumkuta mfanyabiashara wa pwani, Mohamed bin Saleh, akiishi kwa Kazembe. Katika masimulizi ya Tippu Tip maneno ya Kiarabu ni mengi, viunganishi vikiwemo. Lakini mwendo wenyewe unasukumwa na -ka-, kitenzi kikivuta kitenzi, ukurasa baada ya ukurasa. Waliokuwa wakiazima walikuwa wanafanya biashara kwa Kiswahili, wanahukumu kwa Kiswahili, wanatunga utenzi kwa Kiswahili. Neno la mkopo liliingia kwenye kazi iliyokuwa ikiendelea. Nchelenge neno la mkopo linaingia kama alama kwamba kazi inafanywa kwingine. Kwa macho mambo haya mawili yanafanana, na ndiyo maana orodha ya maneno ya mkopo haitoshi kumwambia mtu lugha iko katika hali gani.

Wakatalani wa Barcelona walipitia kitu cha karibu. Taasisi yao ya taaluma iliundwa mwaka 1907, Pompeu Fabra akatoa sarufi mwaka 1918, na miongoni mwa mambo yaliyowashughulisha wasanifu ni kiunganishi kimoja, "doncs". Katika Kikatalani kina maana ya basi, kwa hiyo. Kwa athari ya "pues" ya Kihispania watu walianza kukitumia kwa maana ya kwa sababu, na sarufi ikakataa. Utawala wa Franco uliiondoa lugha hiyo shuleni tangu 1939. Sheria ya mwaka 1983 ikairudisha. Sarufi mpya ya taasisi ikatoka mwaka 2016. Mitaani watu bado wanasema "bueno". Tofauti ni kwamba mtoto wa huko hufundishwa historia na sayansi kwa Kikatalani hadi anapevuka, kwa hiyo "perquè" ina mahali pa kufanyia kazi kila asubuhi. Kibemba kina wasemaji wengi wenye bidii, hakina mahali hapo.

Zambia ililiona tatizo kwa sehemu. Mwaka 1998 majaribio ya kufundisha kusoma kwa Kibemba yalianza Kasama, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2014 uliagiza lugha ya kienyeji ifundishie hadi darasa la nne. Ilikuwa hatua ya kweli. Lakini angalia mkato ulipowekwa. Mtoto hupata "na" mapema sana. "Kwa sababu" huifuata. Viunganishi vya kukubali na kupinga kwa wakati mmoja, vya aina ya ingawa na isipokuwa, hukomaa baadaye sana, umri wa shule ukiwa umekwisha kuanza, na hukomaa kwa kusoma na kuandika. Mtaala huo ulimwacha mtoto na Kibemba chake mpaka alipojua kusoma, kisha ulimpeleka kwenye Kiingereza pale hasa ambapo "nangu" ingeanza kumfaa. Kwa mpangilio huo hata walimu wakifanya kazi yao vizuri sana, watatoa vijana wanaosoma Kibemba cha hadithi za sungura na wasioweza kuandika ndani yake barua ya kupinga uamuzi.

Ndiyo maana sina imani kubwa na miradi ya kukusanya maneno, ingawa wanaoifanya nawaheshimu. Kamusi ya samaki wa Mweru itakuwa nzuri na haitagusa ugonjwa. Kinachohitajika ni maandishi ya hoja, marefu, ya darasa la tano na kuendelea. Mfano uko ziwani penyewe. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga, aliporomoka kufikia mwaka 1950 hivi, baada ya nyavu kumngoja njiani kabla hajataga, huku soko la migodini likitaka zaidi. Leo uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Mvuvi anaipata habari hiyo kama amri yenye tarehe. Sura moja ya kitabu cha sayansi inayoeleza kwa Kibemba kwa nini mpumbu waliisha, kwa nini wavuvi waliendelea hata walipoona wanapungua, nini kingetokea kama nyavu zingeondolewa mdomoni mwa mto kwa miezi miwili, na kwa nini chisense wamestahimili uvuvi ambao mpumbu hakuustahimili, ingemlazimu mwandishi kutumia "pantu", "lelo", "nangu", "nga" na "e ico" karibu katika kila sentensi, na ingemlazimu mwanafunzi wa Kashikishi kuzitumia hizohizo anapojibu maswali.